Dubai kwa siku moja na mdogo wangu: tulivyoitumia ofu yake

Mdogo wangu anafanya usafi wa vyumba hotelini Dubai na ana ofu moja kwa wiki, yaani siku ya mapumziko. Mimi hupita kule kufuata mzigo Deira, eneo la masoko ya zamani. Siku ya kutembea pamoja inakuwa hiyo moja, kwa hiyo mpango wetu hufuata ratiba ya zamu zake kwanza, vivutio baadaye. Muulize nduguyo mapema ofu yake inaangukia siku gani na usiku wa kuamkia siku hiyo anatoka kazini saa ngapi. Aliyemaliza zamu alfajiri mwache alale hadi adhuhuri. Mtaanza na sehemu zenye kiyoyozi na kumalizia sokoni jioni. Aliyelala usiku mzima mtafanya mzunguko ninaoueleza hapa.

Siku yenyewe ina athari zake. Jumapili metro huanza saa 2 asubuhi, wakati siku nyingine huanza saa 11 alfajiri. Ijumaa masoko ya Deira hufungwa wakati wa swala na mengi hufunguliwa tena alasiri. Kumbuka pia kwamba Dubai iko mbele ya Nairobi na Dar kwa saa moja, na ratiba zao zote ni za saa za kizungu. Mkiandikiana "saa nne" bila kufafanua, mmoja atasubiri sana.

Suala la mawasiliano huwakwaza wageni wengi. Ukiwa Falme za Kiarabu, simu ya sauti au video ya WhatsApp haipiti; ujumbe wa maandishi na wa sauti unapita vizuri. Kwa sababu hiyo mahali pa kukutania paandikwe kikamilifu: jina la stesheni na namba ya mlango wa kutokea. Stesheni zilizo kando ya Sheikh Zayed Road zina milango pande zote mbili za barabara kuu, na anayesubiri upande wa pili hamuonani. Majina nayo yamebadilika. Rashidiya sasa ni Centrepoint, Al Fahidi sasa ni Sharaf DG, lakini wafanyakazi waliokaa miaka mingi bado wanataja ya zamani.

Pesa nenda nayo kwa dola. Dirhamu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 tangu mwaka 1997, kwa hiyo dola 100 ni kama dirhamu 367. Duka la fedha likikupa 340, toka, nenda la jirani. Uwanja wa ndege badilisha kidogo tu ya kuanzia, nyingine ibadilishie Deira.

Kila mtu awe na kadi yake ya Nol, ya kulipia nauli, maana kadi moja haiwapitishi wawili kwenye geti la metro. Ya fedha, yaani Silver, ni dirhamu 25 na ndani yake kuna 19 za nauli. Nauli ni dirhamu 3 ndani ya kanda moja, 5 kwa kanda mbili, 7.5 zaidi ya hapo. Gonga kadi unapoingia na unapotoka, hata kwenye basi. Ukishuka basi bila kugonga unakatwa nauli ya juu kabisa. Ukiunganisha basi na metro, fanya hivyo ndani ya dakika 30 ihesabiwe safari moja.

Ndani ya treni kuna sehemu ya wanawake na watoto, imewekewa alama sakafuni. Kaka na dada wakisafiri pamoja wapande behewa la kawaida. Dada anaruhusiwa kukaa popote, ila kaka akivuka alama ile, hata kwa bahati mbaya saa za msongamano, faini ni dirhamu 100. Ni 100 vilevile kwa kula, kunywa au kutafuna bazoka ndani ya treni. Chupa ya maji ibaki kwenye begi mpaka mtoke nje.

Tunashuka Sharaf DG kama saa 2:30 asubuhi na kutembea robo saa kuelekea horini, mkono wa bahari unaoingia katikati ya mji. Njiani ipo ngome ya Al Fahidi ya mwaka 1787, jengo la kale kuliko yote Dubai; kuitazama kwa nje kunatosha. Kinachostahili muda ni mtaa wa Al Fahidi wenyewe, na kuutembea ni bure. Nyumba zake za mawe ya matumbawe zilijengwa na wafanyabiashara waliotoka Bastak, Uajemi, na juu yake kuna minara ya upepo iliyo wazi pande nne: upepo unanaswa juu na kushushwa chumbani. Mtu wa pwani yetu ainue macho atazame dari. Nyumba za kale za Ghuba ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizosafirishwa kwa majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba kama vya Mji Mkongwe. Mimi naona hapa panafaa saa nzima, kuliko mnara wowote wa vioo.

Kuvuka hori panda abra, mashua ndogo ya abiria, ya kawaida kutoka upande huu wa Bur Dubai kwenda Deira ng'ambo. Nauli ni dirhamu 1 kwa kila mtu, analipwa nahodha mkononi, hivyo muwe na sarafu. Inachukua kama dakika tano na inaondoka ikijaa. Pale gatini kuna wanaokuita kwa "ziara maalumu". Hiyo ni abra ya kukodi kwa saa, inazidi dirhamu 100, na maji mnayoyaona ni yaleyale.

Soko la viungo liko mita chache kutoka gatini Deira. Karafuu na mdalasini viache, unavyo nyumbani kwa bei nafuu. Vya kununua ni zafarani, ndimu kavu na ubani wa Oman. Taja gramu unazotaka na ukubaliane bei kabla kitu hakijafika kwenye mizani, kwa sababu muuzaji akishakufungia gramu 200 wakati uliuliza za 20, kukataa kunakuwa ugomvi. Wanaokunong'oneza "kopi za saa, mikoba" na kutaka uwafuate ghorofani, pita tu.

Soko la dhahabu ni la kuangalia, hata kama hununui. Ipo pete ya karati 21 yenye uzito wa karibu kilo 64, na kuitazama ni bure. Mkinunua, bei ya gramu ya siku hubandikwa wazi na haina mjadala. Mjadala uko kwenye ujira wa fundi. Angalia muhuri: 916 ni karati 22, 875 ni 21, 750 ni 18.

Malizeni kabla ya saa 7 mchana, maduka mengi yakifungwa. Kuleni Deira, ambako biriani au shawarma na chai ya karak (ya maziwa na viungo) ni nafuu sana ukilinganisha na ndani ya Dubai Mall. Kati ya Juni na Septemba joto linapita nyuzi 40, kwa hiyo mzunguko huu wa asubuhi fanyeni nusu yake, iliyobaki iwe usiku. Barabara vukeni penye taa tu. Faini ya kuvuka ovyo inaanzia dirhamu 400.

Mchana kaeni Dubai Mall. Kutoka stesheni ya metro kuna daraja lililofunikwa, mwendo wa dakika 10 hadi 15. Kioo kikubwa cha samaki kinaonekana bure ukiwa ndani ya duka. Tiketi ni ya kupita kwenye handaki lake. Vyumba vya swala na vyoo vipo vya kutosha. Kupanda Burj Khalifa, jengo la mita 828, sikushauri kwa bajeti ya mfanyakazi, hasa machweo bei inapopanda. Mkitaka mwinuko, Dubai Frame ya mita 150 inatoza dirhamu 50 kwa mtu mzima.

Chemchemi ya kucheza kwa muziki huanza saa 12 jioni na kurudia kila nusu saa. Simameni kwenye daraja la Souk Al Bahar, soko lililo jirani na Dubai Mall, dakika kumi kabla. Mkipiga picha, msielekeze kamera kwa wanawake wala familia za watu. Sheria yao ni kali.

Metro hufungwa saa 6 usiku, Ijumaa saa 7. Anayekaa mbali aondoke saa 4 usiku, kwa sababu basi la kumalizia safari kutoka Centrepoint huchelewa usiku kuliko treni. Kadi yangu ya Nol nilimwachia yeye. Haina jina, inadumu miaka mitano, na akija mgeni mwingine itatumika.