Mchungaji aliyegeuza jani

Baba yangu analima viazi Isyonje, huku milima ya Uporoto, Mbeya, ambako asubuhi za kifuku hulioni hata shamba la jirani kwa ukungu. Na ukungu huo huo ndio jina la gonjwa linaloumaliza mmea. Baridi na unyevu vikishikana siku mbili tatu, majani yanaota madoa kama yamemwagiwa maji ya moto. Ligeuze jani kungali na umande: chini yake kuna utando mweupe, laini, mithili ya unga. Baada ya wiki, harufu ya uozo unaikuta barabarani.

Mwaka mmoja mhubiri mgeni alitangaza kwamba ukungu ni adhabu ya wasiotoa zaka, na anayekimbilia bomba la dawa hana imani. Baba akalitundika bomba. Alfajiri nne mfululizo alizunguka shamba akiomba. Tuliambulia magunia matatu. Ila kilichoniuma kuliko viazi ni kumwona mzee ameinamia moto jikoni, akipekua dhambi zake moja moja, atafute ipi imeua shamba.

Mimi ni mwanakwaya. Naomba kabla ya kushika jembe. Ndiyo maana maneno yale yalinichoma.

Gonjwa hili hili liliingia Ireland mwaka 1845, na njaa iliyofuata, pamoja na maradhi yake, iliua watu wapatao milioni moja. Huko nako walikuwepo waliosema ni mkono wa Mungu unaadhibu. Miles Berkeley, mchungaji wa Kianglikana Uingereza, aliyatazama majani kwa hadubini. Mwaka 1846 akaandika kwamba ule utando ni kiumbe hai, na ndicho kinachouozesha mmea. Hakiji baada ya uozo. Wasomi wakubwa walimbishia. Miaka ilipita, Mjerumani Anton de Bary akathibitisha kwamba mchungaji alikuwa sahihi. Na uchungaji wake hakuuacha. Mungu aliyekiumba kile kiumbe atukasirikie kwa kukitazama? Siamini hivyo hata kidogo.

Nilimsimulia baba tukimenya mahindi.

"Mchungaji kabisa?"

"Mchungaji, baba. Wa madhabahuni."

Hakusema kitu tena usiku ule.

Kifuku kilichofuata nilimkuta kwenye kingo ya shamba, kofia kifuani, macho amefumba. Aliposema amina aliinama, akageuza jani, la pili, la tatu. La nne alilisogeza karibu na macho, akalisugua kwa kidole gumba.

"Mwanangu," akasema, "lete bomba."