Siku moja maishani mwangu: nawapokea watoto ili mama zao wapumue

Saa 12 asubuhi nimeshafungua kituo chetu hapa Pasua, Moshi. Nadeki, natandika magodoro, nabandika uji. Kuanzia saa 1 na nusu watoto wanaletwa, wengine mgongoni, wengine kwa bajaji. Wengi wana mtindio wa ubongo, baadhi na kifafa pia, kwa hiyo dawa na saa za kumpa kila mmoja lazima ziandikwe daftarini.

Leo mama mmoja hakuondoka. Mwanawe ana miaka 7, hakai mwenyewe wala hasemi, na mama hajawahi kumwacha kwa mtu asiye ndugu. Alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani. "Dada, ngoja kwanza nione anavyokula."

Saa 4 nikampakata. Watu hutuita mayaya tu, sasa waje walishe. Mtoto wa hivi halishwi akiwa amelala, wala kichwa hakiachwi kianguke nyuma. Chakula kitaingia njia ya hewa, na akipaliwa kila mara nimonia haiko mbali. Unamkalisha wima, kidevu kimeinama kidogo. Uji uwe mzito, kijiko kidogo, tena nusu. Unakandamiza ulimi kidogo, unatoa, unatazama koo. Bado. Unangoja. Amemeza. Nusu nyingine. Bakuli moja lilikula karibu saa nzima, na mkono wangu wa kushoto ukafa ganzi. Mama yake hufanya hivyo kila mlo, halafu ndipo afue na kupika, na usiku aamke kumgeuza asipate vidonda.

Bakuli lilipokwisha mama akainuka, akaenda kulala.

Mchana akaja mama mkwe wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nipe mjukuu wangu. Mwanamke gani anatupa mtoto ili akalale?"

Nikamwambia simkabidhi mtoto kwa mtu ambaye jina lake halimo daftarini. Akapandisha sauti hadi watoto wawili wakaanza kulia. Akasema tunawafundisha wanawake uvivu, enzi zake haya hayakuwepo. Heshima ya umri nilimpa, lakini hilo sikulimeza. "Bibi, hata muuguzi wa wodini zamu yake huisha, mwenzake akampokea. Mkweo nani anampokea?" Aliondoka bila kuaga.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Nepi, kugeuza, kunyoosha miguu iliyokakamaa. Msichana mmoja alishikwa na degedege; tukamlaza ubavu, hatukumtia kitu mdomoni, tukahesabu dakika mpaka likaachia. Ukitoka hapo magoti yanatetemeka, na bado kuna anayetaka maji.

Jioni yule mama akarudi, ana alama ya mto shavuni. Nikamsimulia habari za mama mkwe, maana angezikuta nyumbani.

"Nilijua atakuja," akasema, akimfunga mwanawe mgongoni. "Alhamisi mna nafasi?"

Nikamwandika.