Kupiga Picha Pwani Bahari Inapochafuka

Pwani ya majabali huonyesha sura yake halisi siku bahari inapochafuka, na kwa maoni yangu anayesubiri jua ndipo atoe kamera hukosa sehemu iliyo bora kabisa. Mawingu mazito hutawanya mwanga, vivuli vikali hutoweka, na miamba iliyolowa hutoa rangi ambazo huzioni ikikauka. Wimbi linapopasuka juu ya jabali, mimi huchagua kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia, ya sekunde 1/1000 ili kila tone lisimame hewani. Nikitaka maji yaonekane yakirudi baharini kama nyuzi nyeupe, hutumia nusu sekunde, kamera ikiwa juu ya tripodi iliyoshushwa chini, kwa kuwa upepo huitikisa miguu iliyorefushwa. Chumvi nayo ni adui: ikikauka kwenye kioo cha lenzi hukikwaruza unapokifuta, hivyo nailainisha kwanza kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi.

Jambo nisilolifanyia mzaha hata kidogo ni mawimbi yenyewe. Hayalingani, na kubwa kuliko yote huweza kufika ghafla baada ya utulivu wa dakika nyingi. Kwa hiyo yatazame kwa muda mrefu ukiwa mahali pa juu kabla ya kushuka, wala usiyape mgongo unapokagua picha.