Mpini wa Nyundo ya Mzee Seremala

Seremala mmoja wa makamo alileta nyundo yake karakanani akilalamika kwamba shina la kidole gumba linamuuma kila anapogonga misumari kwa muda mrefu. Mpini ulikuwa wa mviringo kamili, unene milimita 36, umepakwa vanishi nzito, na juu yake matabaka mawili ya utepe wa umeme.

"Niongezee mpira hapo, mwanangu," alisema.

"Mzee, tuuvue kwanza tuone mbao."

Utepe ulikuwa umeteleza kwa joto na kuacha gundi, tukaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kabla ya kuuchonga upya na kuufunga uzi wa pamba, tulikagua shingo ya mpini, pale unapoingia kwenye tundu la kichwa. Mpini wenye ufa haufungwi uzi, unabadilishwa. Uzi utauficha ufa, na siku moja kichwa kitachomoka hewani. Huu ulikuwa mzima.

Kilichomuumiza ni ule mviringo. Mpini wa duara hujizungusha mkononi nyundo inapogusa msumari kwa pembeni, basi vidole vinabana kupita kiasi ili kuuzuia, na kuongeza mpira juu yake kunazidisha unene tu. Nilimpaka masizi kiganjani, akaushika mpini uliopanguswa na kugonga mara chache. Weusi ulikolea chini ya gumba na kwenye shina la kidole cha shahada. Hapo ndipo pa kupunguza.

Tulitaka duaradufu ya milimita 36 kwa 28, upande mrefu ukielekea uso wa nyundo, ili mkono ujue kichwa kinaangalia wapi hata bila macho. Uzi wa pamba wa milimita 2 huongeza milimita 4 kwenye kila kipimo, kwa hiyo sehemu ya kufungwa ilishuka hadi 32 kwa 24. Nilibana nyundo kwenye jiliwa, kile kibanio cha karakana, kati ya vipande viwili vya mbao laini, nikapiga tupa ya mbao kufuata nyuzi za mti. Ukienda kinyume, nyuzi zinanyanyuka na kung'oka vibanzi. Kitako nilikiacha kinene, kidole kidogo kipate pa kujizuia. Kisha msasa namba 80, halafu 120, basi. Mbao iliyolainishwa kupita hapo huteleza kwa jasho.

Nje ya eneo la uzi tulipaka mafuta ya kitani badala ya vanishi, na matambara tukayaanika yakiwa yametandazwa, maana yakikunjwa yanaweza kujiwasha yenyewe.

Kufunga ndiko kazi ninayoipenda zaidi. Kwa eneo la sentimita 11 nilikata mita 6. Kitanzi kirefu cha uzi huohuo kinalazwa kwenye mpini, kichwa chake kikielekea kichwa cha nyundo, na ncha fupi ikibaki nje upande wa kitako. Kisha unazungusha juu yake kuanzia kitakoni, mzunguko ubavuni mwa mzunguko, ukisukuma kwa ukucha pasibaki mwanya. Mvuto usilegee hata kidogo: mzunguko mmoja uliolegea huhama na kuwasugua wenzake. Mwishoni ncha ndefu inapita kwenye kitanzi, unavuta ile fupi, kitanzi kinazama. Kikifika katikati, simama. Ukivuta hadi kitokee upande wa pili, kazi yote inafumuka. Ncha zinazobaki nje zinakatwa sawasawa na uzi. Nailoni sikuitumia, inateleza na kurefuka.

Mzee alijaribu kwenye kipande cha mbao, akaomba pembe moja karibu na shahada, kwenye mbao tupu kupita mwisho wa uzi, ipunguzwe kidogo. Tukampunguzia.

Wiki iliyofuata alileta patasi zake. Hizo tulizipiga tupa na kuzipaka mafuta tu, kwa sababu mpini wa patasi hugeuzwa ndani ya vidole kila dakika, na uzi ungeukamata mkono.