Maneno yanayomezwa

Leo asubuhi, katika nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi hapa Uingereza, nilikuwa zamu na dada mgeni kutoka Tanga, ambaye Kiingereza chake cha kuandika ni kizuri mno.

Bibi mmoja akamwuliza, “Sleep well?”, yaani umelala vizuri?

Dada akanyamaza, maana sikio lake lilikuwa likisubiri “Did you” ambayo bibi hakuitamka.

Punde msimamizi akapita akitangaza, “Meeting's been put off,” na yule dada akainua macho kutazama taa, kwani kwetu “put off” ndiyo kuzima taa, ilhali hapa kikao kilikuwa kimeahirishwa.

Yale macho yaliyoelekea darini yameniuma sana, kwa sababu darasani, kwa kuahirisha, alifundishwa “postpone” tu.

Ndugu mlio ughaibuni, ninyi mlizoeaje?