Kamera isiyomrekebisha mtu

Dodoma, Jumapili jioni

Mkanda wa picha unaning'inia bafuni. Nimeubana juu kwa kibanio cha nguo, na kingine nimekiweka chini kiuvute usijikunje. Kabla ya kuutundika nilimwaga maji ukutani na sakafuni ili vumbi litulie. Wakazi wa Dodoma wananielewa. Mwezi huu wa Oktoba upepo ukishaanza asubuhi hauachi mpaka jua linazama, na ukifuta meza saa sita, saa saba unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Mkanda mbichi ukipata vumbi la namna hiyo, chembe zinazama kwenye ule utando laini wa jelatini na zikikauka humo ndio basi, hazitoki.

Maji ya kusafishia mkanda niliyachota tangu jana usiku nikayaweka kwenye mtungi. Dawa za picha nyeusi na nyeupe hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 20 hivi, na maji ya bomba la kwangu kwa msimu huu yanatoka ya vuguvugu kabisa. Hewa yetu kavu, ambayo inapasua midomo ya watu, inaufanya mtungi upoze maji kuliko unavyoweza kupoza kule pwani, kwa kuwa jasho la udongo linakauka haraka na kuondoka na joto. Sijawahi kuhitaji barafu.

Mnaoniuliza kwa nini najisumbua hivi wakati simu ninayo mfukoni, leo nawajibu kwa kirefu, maana kwenye mkanda huu kuna picha moja ambayo kwangu ndiyo jibu lenyewe.

Kwanza kamera. Ni ya plastiki, ya mkanda wa milimita 35, na ilikuwa ya baba mdogo miaka ya tisini alipokuwa mpiga picha wa mtaani: ubatizo, kipaimara, harusi za Chang'ombe, wanafunzi waliovaa vizuri Jumapili wakitaka picha ya kutuma kijijini. Lenzi yake haizunguki wala haisogei. Imewekwa kwenye umbali mmoja tangu kiwandani, na tundu lake ni dogo kiasi kwamba kuanzia kama meta moja na nusu hadi kilimani kila kitu kinaonekana kwa kadiri yake, ila pembeni picha si kali na kwenye kona mwanga unafifia. Shata, kile kilango kinachoruhusu mwanga kuingia, ina mwendo mmoja tu. Ndani ya nyumba bila flashi haifai kitu. Waliozibuni kamera za namna hii walidhani mtu atapiga picha nje, mchana, jua likiwa limewaka, na kwa dhana hiyo walitengeneza kamera ya Dodoma bila kujua. Huku toka Mei hadi Novemba mvua ni ya kuhadithiwa. Mwanga hauyumbi.

Mlango wa nyuma ulikuwa na sponji nyembamba za kuzuia mwanga. Kwa umri na joto ziligeuka ute mweusi unaonata vidoleni. Nimezikwangua kwa kijiti, nikapachika uzi mweusi wa sufu kwenye mifereji yake, na juu nikazungushia tepu nyeusi ya mafundi umeme. Bado mwanga unapenya, hasa nikitembea nayo shingoni juani.

Mwanga huo unaopenya ndio watu wengi wanaoupenda kwenye picha za mkanda siku hizi, ule mwali mwekundu unaolamba ukingo wa picha. Wengi hawajui unatoka wapi. Mkanda wa rangi una tabaka zilizopangwa: juu, upande wa lenzi, kuna tabaka linalohisi mwanga wa bluu, katikati la kijani, na chini kabisa, karibu na plastiki yenyewe, tabaka la wekundu. Mwanga halali unaingia kwa mbele na kupita kwa mpangilio huo. Mwanga unaopenya kwa mlango wa nyuma unatokea upande wa pili, kwa hiyo unakutana na tabaka la wekundu kwanza na kuliunguza kabla ya mengine. Mikanda ya rangi siisafishi nyumbani. Dawa zake zinataka nyuzi 38 kamili, zikipanda au kushuka kidogo rangi zinahama. Naituma Dar kwa basi. Iliyorudi mara ya mwisho ina picha ya stesheni yetu ya zamani, ile ya reli ya kati waliyoijenga Wajerumani, na mwali mwekundu umepanda upande wa kulia hadi kwenye paa. Nilipoiona nilikumbuka kwamba nilikuwa nimesimama na mgongo kwenye jua la saa tisa. Ule wekundu ni jua lile lile lililokuwa likinichoma kisogo. Lilikuwepo.

Programu za simu zinauweka mwali huo pia. Mdogo wangu anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anayo moja, na picha zake zinapendeza, sikatai. Lakini nilipomwomba anionyeshe kadhaa kwa mfululizo niliona mwali unatoka kwenye akiba ya michoro ya programu, iwe amepiga mchana au usiku chumbani amezima taa. Hapo ndipo ninapoachana naye. Kasoro ya kamera yangu ina asili. Unaweza kuiuliza ilitoka wapi ikakujibu.

Sasa picha yenyewe. Jumamosi moja nilikwenda mnadani Msalato na rafiki yangu. Kulikuwa na ng'ombe, moshi wa nyama, vumbi hadi kwenye kope. Pembeni, kwenye kivuli cha turubai, alikaa bibi mmoja anauza ubuyu na mlenda wa kukausha.

“Mbukwa, bibi. Shikamoo.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Unachukua ubuyu?”

Nikachukua, tukazungumza kidogo, kisha nikamwomba nimpige picha. Akaitazama kamera kwa muda.

“Hiyo ni ile ya mkanda. Alikuja nayo mmoja hapa zamani, akakusanya vianzio vyetu, picha hatukuziona mpaka leo.”

“Mimi nitakuletea, bibi. Na kianzio sitaki.”

“Haya. Ngoja basi.”

Akaondoa kopo la kupimia mbele yake, akajitanda khanga upya, akafuta midomo kwa ncha yake, akanyoosha mgongo. Halafu akanitazama. Kizazi chake kinajua kupigwa picha. Walizoea mpiga picha mwenye mkanda wa picha 36, ambaye kila anapobonyeza anahesabu fedha, kwa hiyo wao nao walikuwa wanatoa sura wanayotaka ibaki. Nilibonyeza mara moja. Nikasikia ule mlio mdogo wa plastiki, na bibi akaendelea kukaa vile vile, kwa heshima, hadi nilipomshukuru.

Rafiki yangu naye akatoa simu, akapiga mfululizo, akamwonyesha. Bibi akaishika simu mbali kidogo na uso, akaangalia, akamrudishia.

“Huyu ni mtoto wa nani?”

Tukacheka wote, yeye pia. Lakini niliomba niione, na kicheko kikaniisha. Bibi yule ana alama ya duara kwenye paji la uso, kati ya nyusi, ile ambayo wazee wengi wa Kigogo walichomwa wakiwa watoto. Kwenye simu haikuwepo. Mpangilio wa kulainisha nyuso ulikuwa umewashwa, na rafiki yangu hajawahi kuugusa. Simu aliinunua hivyo. Programu ilikutana na alama ya ukoo ikaihesabu kuwa ni doa, ikalipiga pasi pamoja na mikunjo ya mashavu, na rangi ya ngozi ikaisogeza juu kidogo kuelekea weupe. Hakuna aliyeiomba. Na haikuacha dalili yoyote kwamba kuna kitu kimeondolewa.

Nalifikiria jambo hili tangu siku ile. Simu inajua kwamba mbele yake kuna uso, na inazo fikra zake kuhusu uso unavyotakiwa kuwa. Kamera ya baba mdogo haijui kama imeelekezewa bibi au gunia. Shata inafunguka kwa sehemu ya mia ya sekunde au karibu na hapo, mwanga uliotoka kwenye paji la uso wa bibi unaingia na kugonga chembe za madini ya fedha kwenye mkanda, basi. Kazi yote ya kujua huyu ni nani inabaki kwangu, na kwake yeye aliyejitanda khanga.

Ila nisiseme kwamba mkanda ulikuwa wa haki siku zote, kwa sababu haukuwa. Kwa miaka mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kadi ya mfano iliyotoka Kodak, kampuni ya Marekani ya mikanda na kamera, yenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hiyo ilijulikana kwa jina la Shirley. Rangi zikimkaa vizuri yeye, mashine ilihesabiwa imekaa sawa. Mtafiti Lorna Roth wa Canada ameliandika suala hili kwa kina, na anaeleza kwamba miongoni mwa waliolalamika wakasikilizwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutofautishika kwenye picha. Malalamiko ya watu wenye ngozi kama yetu hayakuwa na uzito huo. Fungua albamu za nyumbani kwenu za zamani, zile za harusi hasa: bwana harusi macho na meno tu, gauni la bibi harusi linawaka. Baba mdogo aliniambia alikuwa anawasogeza watu kivulini, ukutani, asubuhi mapema au jioni, ili sura zitoke. Alifanya kwa miguu na kwa jicho kazi ambayo kiwanda hakikumfanyia.

Kwa hiyo nami nimechagua mkanda wa nyeusi na nyeupe kwa ajili ya watu, na kivuli kilicho wazi kama cha lile turubai. Kasoro za kamera rahisi nazijua na naweza kusimama mahali zisipomdhuru mtu. Kasoro ya simu ya rafiki yangu tuligundua kwa sababu tu bibi mwenyewe alikuwa amekaa mbele yetu.

Unyonge wa kamera hizi una historia ninayoipenda. Mwaka 1900 Kodak walitoa Brownie, boksi la kadibodi lenye lenzi ya kawaida kabisa, kwa dola moja ya Marekani, na kwa mara ya kwanza familia nyingi zisizo na uwezo zikaanza kujipiga picha zenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja Holga kutoka Hong Kong, ya plastiki hadi lenzi, yenye vialama vya kuchagulia umbali: mtu mmoja, familia, kundi, mlima. Ilikusudiwa watu wa kawaida. Wapiga picha wakubwa waliikimbilia baadaye, na David Burnett, mpiga picha wa habari wa Marekani, alimpiga nayo Al Gore, mgombea urais wa huko, kwenye kampeni za mwaka 2000, picha ikapata tuzo. Lakini mambo yalikuwa yameanza kugeuka zamani. Mhandisi wa Kodak hao hao, Steven Sasson, ndiye aliyeunda kamera ya dijitali mwaka 1975. Konica Minolta, kampuni ya Kijapani, wakaacha biashara ya picha mwaka 2006, na Kodak wakaomba kinga ya kufilisika mwaka 2012. Huku kwetu mashine za kusafisha zilizimwa moja baada ya nyingine, studio zikageuka za paspoti na fotokopi, na baba mdogo akaiweka kamera kabatini ndani ya soksi. Sasa mkanda mmoja wakati mwingine ni ghali kuliko kamera yenyewe. Hilo linaniuma, kwa sababu uzuri wa kitu hiki ulikuwa ni kwamba mtu wa kipato cha chini alikimudu.

Simu yangu naitumia kutwa nzima, na nashukuru ipo. Mtoto akiota jino, risiti, nyumba inayojengwa mtaa wa Kisasa, vyote napigia simu. Ila mzee akijitanda upya kwa ajili yangu, natoa ile ya plastiki.

Saa hivi nimerudi bafuni na kioo cha kukuzia nikaushika mkanda kwa kingo zake, nikauelekeza kwenye taa. Kwenye negativu, ambako weusi na weupe hubadilishana, bibi ana uso mweupe na macho meusi, kona za picha zimefifia, na kuna mstari mwembamba wa mkwaruzo uliopita juu ya bega lake. Kati ya nyusi duara lipo, limekamilika.

Mdogo wangu anataka tukishaiskani autoe mkwaruzo kwenye kompyuta. Nimemwambia auache. Kesho naipeleka mjini kuchapwa, na nitasimama pale pale mashineni, maana vijana wa stesheneri kwa ukarimu wao hung'arisha nyuso kabla hujasema. Jumamosi naipeleka Msalato.

Jambo la mwisho: fiksa yangu, ile dawa ya kuufanya mkanda usiendelee kuhisi mwanga, imebaki ya kutosha mkanda mmoja, labda miwili. Mwenye nayo Dodoma, Singida au Morogoro, hata ile ya unga ya zamani ilimradi pakiti haijaingia unyevu, aniambie. Nitanunua, na nauli ya basi ni yangu.