Kompyuta ya mama imepona

Jamani, leo nimepumua.

Hii kompyuta ya mezani ndiyo mama anawekea hesabu za kikoba chao. Siku hizi ilikuwa inaganda hovyo: mshale wa mausi unasimama palepale, kibodi haijibu, mpaka ushikilie swichi izime.

Fundi mmoja akasema ni virusi, tupige Windows upya. Sikukubali. Asubuhi inafanya kazi vizuri kabisa, mchana joto la Dar likipanda ndiyo inaanza. Virusi gani hivyo vinavyosubiri jua?

Leo nikachomoa umeme, nikafungua ubavu wa kasha.

Feni ya prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, ilikuwa nyeusi kwa vumbi. Nilipoitoa, chini yake, juu ya mapezi ya chuma ya kupoozea prosesa, vumbi limeshikana kama zulia. Nililibandua kipande kizima, kizito, cha kijivu, kikakaa mkononi bila kuvunjika. Hewa ingepita wapi hapo?

Nikatoa na mapezi. Pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na mapezi ili joto lipite, nayo ilikuwa imekauka, inabanduka kwa ukucha. Nikaifuta kwa spiriti, nikaweka tone dogo la mpya katikati ya prosesa, nikarudisha mapezi na feni.

Kabla, prosesa ilikuwa inafika nyuzi 96. Sasa inacheza kwenye 60.

Mama yuko mezani tangu saa nane mchana, anaingiza marejesho ya wanachama, na haijaganda hata mara moja. Furaha niliyonayo!

Ninyi zenu mnazisafisha kila baada ya muda gani? Na nani anajua duka Kariakoo lenye pesti ya uhakika? Niambieni hapa chini.